Wosia wa mke na mume wasio na watoto, huduma ya wakili hapa Mwanza: nyota nne kasoro

Jina la ofisi nalificha maana kuna sehemu nitawasema, ila ipo mjini ghorofani. Mimi na mume wangu tulienda kuandika wosia, hatujajaliwa watoto na umri ndo huo unaenda, mali zenyewe sio za kutisha, nyumba Buhongwa, kiwanja Usagara, mitumbwi miwili ya dagaa na injini zake na kibanda pale Mwaloni Kirumba.

Mapokezi ni pabovu. Binti anajaza fomu ananiuliza "mama nani?" nikamwambia sina mtoto, andika jina langu, akanitazama weee, mwisho akaandika "Mama" tu akaendelea na simu yake. Na ahadi ya saa nne tulikuwa nayo lakini tumekaa kwenye benchi mpaka watu wakaanza kutoka kwenda kula.

Sasa wakili mwenyewe, yule dada yuko vizuri jamani. Kabla hajagusa kompyuta kauliza hati ya nyumba ina jina la nani, mume wangu akasema "langu", yaani la kwake. Akasema wosia tutaandika ila kaandikisheni na hati majina yote mawili, umiliki wa pamoja, hapo mmoja akifa inabaki kwa mwenzake haiingii kwenye kugawana, ila msikubali kuandikiwa umiliki wa hisa mkadhani ni kitu kilekile, huko fungu la marehemu linaingia kwenye mirathi.

Alaf akatutolea ile sheria ya mila ya 1963, kwamba mjane hana fungu kama mume ameacha ndugu wa ukoo wake, yeye atatunzwa na watoto wake. Mume wangu akauliza na kama watoto hakuna? Wakili akamwambia mzee, ndo maana leo mpo hapa. Kwa Waislamu hesabu ni nyingine, mume akifa bila mtoto mjane anapata robo, mke akifa bila mtoto mume anapata nusu, na wosia hauvuki theluthi wala haumwongezei mrithi, kwahiyo mwambieni wakili mapema mnafata nini asije akawaandikia kitu cha kuja kupanguliwa mahakamani.

Kilichonikosha zaidi ni pale alipouliza mkiondoka wote siku moja je? Wengine wangesema anatuchuria, ila mume wangu ni mtu wa Ukerewe, ile feri ya MV Nyerere ilivyopinduka pale Ukara 2018 anaijua, akajibu bila kusita. Maana kila mmoja akiandika "vyote namwachia mwenzangu" akaishia hapo, ndugu wa pande mbili si watauana? Tukaweka nyumba aende nayo mtoto wa marehemu dada yangu, tumemlea tangu chekechea lakini kumbe kulea tu hakumfanyi mrithi, lazima aandikwe kwa jina. Mitumbwi kwa shemeji yangu mdogo, ndo anayelala ziwani nayo.

Halafu rasimu inakuja, kipengele cha tatu: "nawaachia wanangu wapendwa kwa usawa". Wanangu wapi?! Wamekopi wosia wa mtu mwingine wakabadili majina juu. Mume wangu alicheka, mi sikucheka. Walirekebisha bila kutudai hela ila someni kila mstari kabla ya kusaini.

Bei laki tatu wosia zote mbili, kila mtu wa kwake, na muhuri humohumo. Kubadilisha hati ni hela nyingine, na ile ya ofisi ya ardhi ni mbali na ya wakili, hilo hawasemi mpaka uulize. Mashahidi mnaenda nao wenyewe, sisi tulibeba ndugu mmoja na jirani mmoja kila upande, na wasiwe watu mliowaandika kurithi. Nakala moja imebaki kwao, nyingine tumepeleka RITA, ule wakala wa usajili wa serikali, wanapokea wosia kutunza.

Jumamosi wanafunga saa saba, na bila cheti cha ndoa hawaanzi kabisa.