Kambwa ka kilo sita kalivyonitafutia kulungu usiku Uskoti

Nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja nitawaambia imeenda wapi.

Mwezi wa kumi nilikuwa windoni kusini mwa Uskoti, jua ndo limezama, nikapiga roe dume, wale kulungu wadogo wa saizi ya mbuzi, na kusema kweli nilipiga vibaya, risasi ikaangukia nyuma. Akakunja mgongo akazama kwenye makangaga huyoo akaingia msituni. Pale aliposimama nakuta uchafu wa kijani unanuka, damu matone mawili matatu, nikajua hiyo ni tumbo. Nikampigia mzee mmoja wa kijiji cha jirani mwenye kambwa aina ya Border terrier ka kufuatisha damu, na swali lake la kwanza: umemfuata? Nikasema hapana. Akasema afadhali, weka karatasi ya tishu penye damu iwe alama, ondoka hapo, nakuja baada ya masaa matatu, maana wa tumbo ukimharakisha anainuka alipolala na anaenda mbali humpati tena.

Alipofika nusura nicheke. Kambwa kenyewe kilo sita, kichwa kama cha fisi maji, wakati mie nimezoea kuona watu na Labrador au vile vifupi vya Kijerumani, teckel. Akakavisha kola pana na kamba ya mita kumi, akakaonyesha ile tishu, pua chini, safari. Aisee. Kumbe hakafuati damu tu, kuna harufu ya tezi za katikati ya kwato na majani yaliyokanyagwa, ndo maana damu ilipokata sisi tunashangaa kenyewe kanavuta tu. Kwenye mfereji kakapoteza, kakazunguka, kakarudi nyuma, kakaipata. Misonobari imepandwa imebanana, sisi tunatambaa na tochi matawi yanatuchapa usoni, kenyewe kanapita chini kama kako sebuleni. Mita kama mia tatu tukamkuta ameshakufa.

Sasa ile nyota. Hawa Border terrier wamefugwa miaka na miaka kumfuata mbweha shimoni, huko chini hakuna wa kuwaelekeza, kwa hiyo vichwa vigumu kweli kweli. Ndege mmoja karuka miguuni kwetu, kakasahau kazi kakabweka dakika kumi nzima, mzee akakaa chini kwenye kisiki anangoja hasira ziishe. Tena kalipomfikia kulungu kakang'ang'ania koo, kukabandua ilikuwa kazi nyingine. Na ukijeruhi red dume, yule mkubwa anayepita kilo mia, akawa bado mzima, usikaite, kilo sita hazimzuii popote, tafuta mbwa mkubwa.

Hela mzee alikataa, akachukua ya mafuta tu, kambwa kakapewa kipande cha moyo. Nyama ya mbavuni nyingi tuliitupa imeshachafuka, hilo kosa langu mie. Namba yake nimeiseivu, na siku hizi kabla sijatoka na bunduki nampigia kwanza kuuliza jioni atakuwepo nyumbani.