Grenda ya mkanda kwa fundi wa visu: kabla ya kuuliza mota, kagua bamba

Kwa miezi sita niliamini mikono yangu ndiyo yenye kasoro. Kila kisu nilichosaga kwenye grenda yangu ya mkanda, yaani mashine inayozungusha mkanda wa msasa, kilitoka na ubavu uliovimba. Nikikilaza kwenye rula kilibembea huku na huku, na karibu na mpini palikuwa na mifereji miwili myembamba ambayo hakuna msasa wa mkono ulioweza kuifuta bila kula chuma kingi. Nilibadilisha namna ya kusimama, nikabana viwiko mbavuni, nikanunua mikanda ya gharama. Vyuma vizuri vitano viliishia kwenye ndoo ya vyuma chakavu.

Jioni moja nikauvua mkanda, nikasimamisha rula ya chuma kwenye lile bamba ambalo mkanda hupita mbele yake, na nyuma nikawasha tochi. Juu giza, chini giza, katikati mwanga. Nilikunja karatasi mara mbili na bado ikapita chini ya rula bila kukwama. Bamba lilikuwa limechimbika, na mashine haikuwa na hata mwaka.

Tangu hapo kila anayeniuliza anunue grenda gani namrudisha kwenye bamba, kwa sababu wauzaji wengi hawalitaji na wanunuzi hawaulizi. Maswali yote ni ya mota.

Basi ya mota tuyamalize. Kwa kazi ya visu tafuta mashine inayotumia mkanda wa inchi 2 kwa 72, kwa sababu ndio saizi yenye mikanda ya kila aina na kila namba ya msasa. Nguvu ya farasi 1.5 hadi 2 inatosha karakana ya nyumbani. Mota iwe imefungwa pande zote ili vumbi la chuma lisiingie kwenye nyaya, na kidhibiti mwendo nacho kiwe ndani ya kasha lililozibwa, maana vumbi la chuma linapitisha umeme na likitua kwenye saketi iliyo wazi litaiunguza. Mwendo uweze kuongezwa na kupunguzwa. Mikanda yenye punje za kauri inakula vizuri ikienda kasi na ikikandamizwa, lakini mkanda wa namba ya juu, yaani wenye punje laini, ukienda kasi hiyo utaona makali ya kisu ambacho tayari umekitia ugumu yanageuka buluu. Rangi hiyo kwenye chuma cha kaboni maana yake joto limefika kama nyuzi 300, na ugumu ulioutafuta kwa moto na mafuta umeondoka pale pale. Kukitia kisu maji wakati huo hakurudishi kitu.

Hayo ndiyo ya kawaida. Sasa bamba.

Mkanda ni kitambaa chenye punje za kukata. Hauna unyoofu wake wenyewe. Unaazima unyoofu wa kitu kilicho nyuma yake. Unapoukandamizia kisu, unakisukuma dhidi ya bamba, na umbo la bamba ndilo linalohamia kwenye kisu. Bamba likiwa na shimo katikati, chuma chako hukutana kwanza na kingo za shimo hilo. Kingo zinakula zaidi, katikati panakula kidogo, na kisu kinatoka na tumbo. Upana nao ni hivyo hivyo: mkanda ukishalichimba bamba kwa katikati, pembe zake mbili hubaki juu na kuchora ile mifereji niliyoisema.

Bamba linachimbika kwa sababu kitambaa cha mkanda kinalisugua saa zote mashine inapofanya kazi. Mkanda unaosukumwa na gurudumu la sentimita 10 kwenye mota ya mizunguko 2,800 kwa dakika unapita karibu mita 15 kila sekunde. Vumbi la chuma hupenya nyuma yake na kuwa msasa wa pili. Bamba la chuma laini haliwezi kustahimili, na la alumini ndiyo kabisa. Kisha kuna joto. Bamba jembamba likipata moto upande mmoja linajipinda, nawe unasaga kwenye upinde bila kujua. Likipoa linarudi, kwa hiyo asubuhi ukipima utaliona limenyooka na utarudi kuilaumu mikono yako.

Kosa jingine liko kwenye mpangilio. Bamba linapaswa kutokeza mbele kidogo kuliko magurudumu mawili yaliyo juu na chini yake, milimita moja au mbili, ili mkanda uliegemee muda wote. Kwenye mashine nyingi nilizozigusa bamba limerudi nyuma. Mkanda unapita hewani, na ukiwasha unasikia tap, tap, tap, kila kiungio cha mkanda kinapolipiga. Ukisogeza kisu mkanda unabonyea kwanza ndipo ukutane na bamba, na ule mstari wa karibu na mpini, pale makali yanapoanzia, hauwezi kulingana pande mbili hata ukiwa fundi wa miaka ishirini.

Kwa hiyo ninachokitaka ni hiki: bamba la chuma kilichotiwa ugumu, nene kama milimita 10, limefungwa kwa bolti na si kuchomelewa, matundu ya bolti yawe marefu kidogo ili uweze kulisogeza mbele na nyuma, na wewe uweze kulinunua peke yake. Afadhali zaidi kama limebandikwa uso wa kioo cha kauri. Kioo hicho hakiogopi joto na mkanda unateleza juu yake bila kukichimba upesi. Hakikisha tu chini yake pana kikonyo au skrubu ya kukibeba, kwa sababu gundi ikilegea kwa joto kioo kinashuka na mkanda, na hutataka kuwa umesimama mbele yake.

Kwa kipimo hicho, hivi ndivyo ninavyozipanga mashine.

Ya kwanza: KMG

Sifichi, KMG ya Beaumont Metal Works ya Marekani ndiyo ninayoipenda, na si kwa sababu ya sura, maana sura haina. Ni mabamba mazito ya chuma, mashimo ya mraba ya kuchomekea mikono (vyuma vinavyobeba bamba au gurudumu), magurudumu na springi. Basi. Bamba lake linafunguka kwa bolti. Mkono wake ni wa mraba wa inchi moja na nusu, na kwa kuwa mafundi wengi mno waliuiga muundo huu kwenye karakana zao, vifaa vya watengenezaji wengine vinachomeka humo humo. Bamba likichakaa una njia kumi za kulibadilisha. Ukitaka gurudumu kubwa la mpira, unavuta mkono mmoja, unachomeka mwingine, unakaza, unaendelea na kazi.

Niliitumia ya rafiki kwa wiki mbili nikiwa bado na mashine yangu mbovu. Siku ya kwanza nilisaga kisu cha jikoni, ubavu mmoja, kutoka kwenye chuma kilichokuwa na weusi wa tanuri. Nilikilaza kwenye rula kikalala bila kubembea. Nilikaa chini kwa muda. Miezi sita ya kujisahihisha viwiko, kumbe viwiko havikuwa na neno.

Ya pili: TW-90

Kama fedha haikusumbui, TW-90 ya Wuertz Machine Works ni mashine iliyochongwa kwa umakini kuliko KMG, na nakubali hilo bila kinyongo. Inalala ubavu, mkanda ukawa kama meza mbele yako, na mkanda unatulia mahali pamoja hata ukibadilisha mwendo. Ninaiweka ya pili kwa sababu fundi wa nyumbani anayeanza atamaliza akiba yote kwenye mashine, kisha abaki na mikanda mitatu. Mkanda uliokwisha meno unachoma chuma hata kwenye mashine bora duniani.

Ya tatu: Burr King na Bader

Nazitaja pamoja kwa kuwa anayezipenda hizi mara nyingi ni fundi anayesaga kwenye gurudumu kubwa la mpira, kisu kikatoka na ubavu uliobonyea ndani. Kwa kazi hiyo bamba halina neno, gurudumu ndilo linalotoa umbo. Ni mashine za viwandani zinazoishi miaka mingi, na zilizotumika zikiuzwa ni vizuri kuzifuatilia. Usisahau kukagua mpira wa gurudumu. Ukiwa umekauka na kupasuka, kulivisha gurudumu mpira mpya si kazi ndogo.

Ya nne: ya kujiundia

Michoro ya mashine za mtindo wa KMG imeenea, mingine haihitaji hata kuchomelea, ni kutoboa na kukaza bolti tu. Kama una uwezo wa kutoboa shimo lililonyooka, utapata mashine iliyo bora kuliko nyingi za dukani. Fanya ubahili popote pengine, fremu, meza, hata mota iliyotumika, lakini usifanye ubahili kwenye gurudumu la kusukuma, gurudumu la kuongozea mkanda na bamba.

Mimi mashine yangu niliiokoa kwa njia hii. Nilikata kipande cha chuma cha zana kilichosawazishwa uso, nikatoboa matundu nikiyarefusha kwa tupa, nikazilainisha kidogo pembe mbili za wima ili mkanda ujipinde vizuri kwenye ule mstari wa karibu na mpini, kisha nikabandika kioo cha kauri kwa gundi ya epoksi inayostahimili joto. Chini nikaweka kikonyo. Ilinichukua Jumamosi nzima. Nilipopima kwa rula na tochi, giza kutoka juu hadi chini.

Ya tano: Grizzly G1015

Inatumia mkanda wa 2 kwa 72, nguvu ya farasi 1, mwendo mmoja. Mafundi wengi walianzia hapo na wametoa visu vizuri. Ule mwendo mmoja ndio unaoniudhi, kwa sababu unakulazimisha kuchovya kisu majini kila sekunde chache ukishafika hatua ya mwisho. Ukiipata kwa bei nzuri ichukue, kisha panga mapema kubadilisha unachoegemeza mkanda.

Vile vidogo vya mkanda wa inchi 1 kwa 30 ni vya kunolea. Nyuma ya mkanda pana kibati kilichokunjwa. Usinunue kwa kutengenezea visu.

Sasa niwaseme wauzaji, maana haya yananikera tangu siku ile.

Picha ya tangazo inaonyesha mashine imevaa kila kitu: gurudumu kubwa la mpira, meza ya kuegemeza, magurudumu madogo, kinga ya cheche. Ukifungua sanduku unakuta fremu na mota, na vilivyobaki ni "vya ziada". Ukivijumlisha, gurudumu la mpira peke yake linaweza kukaribia gharama ya mashine ndogo nzima. Kwa nini hilo lisiandikwe chini ya picha? Nguvu ya mota nayo inatajwa ile ya kilele, ambayo mota inaitoa kwa nukta moja kabla haijakwama, si ile inayoweza kuibeba mchana kutwa. Soma kile kibati kilichopigwa ubavuni mwa mota, uone kilowati. Farasi 2 ni karibu kilowati 1.5. Kibati kikisema 0.75, una farasi 1, tangazo liseme litakavyo.

Aliyeniuzia mimi nilimwandikia baada ya kugundua bamba limechimbika. Akanijibu kwamba bamba ni kifaa kinachochakaa, kwa hiyo halina dhamana. Nikasema sawa, niuzie jingine. Akasema haliuzwi peke yake, ninunue mkono mzima pamoja na magurudumu yake. Yaani anajua linachakaa, amelitengeneza kwa chuma laini, na amelichomelea mahali ambapo huwezi kulitoa. Matangazo yake bado nayaona kila wiki, rangi mpya, picha nzuri. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kabla hujalipa, mwandikie muuzaji maswali manne. Bamba ni la chuma gani na limetiwa ugumu? Unene wake milimita ngapi? Limefungwa kwa bolti au limechomelewa? Linauzwa peke yake? Muuzaji mwenye mashine nzuri atakujibu siku hiyo hiyo, na pengine atafurahi kwamba kuna mtu ameuliza. Akikujibu kwa kukutumia tena picha ya mota, mwache.

Mashine ikifika, usianze na kisu. Vua mkanda, safisha bamba kwa kitambaa, simamisha rula katikati, kushoto, kulia, kisha mshazari pande zote mbili, tochi ikiwa nyuma. Rudisha mkanda, washa dakika kumi huku ukisagia kipande cha chuma chakavu mpaka bamba lipate moto, zima, chomoa plagi, vua mkanda tena na upime likiwa bado na joto. Kipimo hicho cha pili ndicho wengi hatukijui. Ukiona mwanga, piga picha yenye rula na mwanga wake, na uirudishe mashine kabla siku za kurudisha hazijaisha.