Mhadhiri wa anthropolojia ya tiba: daktari au mwanaanthropolojia?

Chuo cha tiba kikitangaza nafasi hii, ya kufundisha jinsi watu wanavyouelewa ugonjwa na tiba katika maisha yao, mezani hubaki maombi ya watu wa aina mbili.

Daktari aliyeongeza shahada ya sayansi ya jamii anaingia wodini bila kuulizwa. Wanafunzi wa udaktari humsikiliza kwa kuwa ni mwenzao, na hilo si jambo dogo. Tatizo ni muda: kliniki inamvuta, na utafiti wake huishia kwenye dodoso.

Mwanaanthropolojia mwenye shahada ya uzamivu amekaa na watu miezi mingi, akala nao na kuuguza wagonjwa pamoja nao. Chukua degedege. Kwa daktari ni mtoto kukakamaa na kutetemeka kwa homa kali, mara nyingi ya malaria. Kwa kina mama wengi wa pwani ya Tanzania miaka ya 1990, ulikuwa ugonjwa tofauti kabisa, wa kupelekwa kwa mganga kwanza, tena sindano iliogopwa. Mtoto angeweza kufa njiani kati ya maelezo hayo mawili. Hata Ebola ya Afrika Magharibi, 2014, ilidai watu wa kuelewana na familia kuhusu maziko, si dawa tu.

Mimi ningemchukua huyu wa pili, kwa sharti moja: siku ya usaili afundishe kipindi kizima mbele ya wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tatu, nao waulizwe kama wamemwelewa. Na apewe ofisi hospitalini, karibu na wodi ya watoto.