Kinanda cha funguo 61 cha Kariakoo: kwa mtu wa kwaya anayetaka kuelewa noti, chukua

Wakuu, hivi vinanda vya Kichina vya funguo 61 vinavyopangwa mpaka barazani kwenye maduka ya Kariakoo, vile vya bei nafuu, vinasemwa vibaya sana na wapiga vinanda wa kanisani, ukimuuliza yeyote atakwambia usipoteze hela. Mimi ninacho nyumbani na nakipiga karibu kila jioni. Kama unataka cha kupigia ibadani au kwenye bendi achana nacho kabisa, lakini kama unaimba kwaya kwa sol-fa miaka nenda rudi na hujawahi kuelewa kwa nini noti zinakaa vile zinavyokaa, hiki kinakutosha na kitakufurahisha.

Ngoja nieleze maana hapa ndio penyewe. Sisi wa kwaya tumelelewa na d r m f s l t, yani do re mi fa so la ti, mwalimu anaandika ubaoni na zile nukta pacha za kutenganisha mapigo, juu anaandika Doh ni G, yani do inaanzia noti ya G, anatupa sauti, tunaimba. Mfumo wenyewe ni wa Uingereza, karne ya 19, mama mmoja Sarah Glover ndio aliuanzisha alafu mchungaji John Curwen akaupanua na kuueneza, na ni mfumo mzuri sana kwa sababu do inahama, wimbo ule ule unaupandisha au unaushusha bila kubadilisha herufi hata moja. Shida ni kwamba unaimba tu, huoni umbali kati ya sauti na sauti. Kwenye kinanda unaona! Angalia vile vyeusi vimekaa viwili, vitatu, viwili, vitatu, sasa cheupe kilichopo mara tu kushoto mwa vile viwili ndio C, kulia kwake vyeupe vinafuata D E F G A B, anzia C nenda na vyeupe tu unapata do mpaka do. Alafu tazama vizuri, kati ya mi na fa hakuna cheusi, na kati ya ti na do pia hakuna, hapo ni nusu hatua, kwingine kote ni hatua nzima. Yani ile fa ambayo sauti ya pili wanairukia juu mno mpaka mwalimu anagonga meza, kumbe safari yenyewe ni nusu tu. Mimi nilipoliona hilo kwa macho nilifurahi mno, nikaanza kuwaimbia watu mi-fa mi-fa nyumba nzima.

Sasa jaribu kuanzia G na vyeupe tu, ukifika ti utasikia kabisa haijakaa, kwa sababu ti lazima isogee nusu kuikaribia do, kwa hiyo ile F unaiacha unapiga F shapu, kile cheusi cha kulia kwake. Hapo umeshaelewa kwa nini nyimbo za Doh ni G zina shapu moja, na hujasoma kitabu chochote.

Funguo 61 ni okteva tano, yani safari tano za do mpaka do, kila moja nusu hatua 12, jumlisha do ya mwisho. A ya katikati inatetemeka mara 440 kwa sekunde, ya okteva ya juu 880, ya chini 220, ni mara mbili au nusu, ndio maana wababa na wamama wakiimba melodi moja tunasikia ni noti ile ile japo wababa wako chini. Ukishika do mi so kwa pamoja umepata kodi moja, yani noti zinazolia pamoja, fa la do ni nyingine, so ti re nyingine, na hizo tatu tu zinabeba nyimbo nyingi sana za kwaya na za mtaani. Alafu irudishe ile mi nusu hatua chini usikie furaha inavyogeuka huzuni, kidole kimoja tu hicho! Kwa wapenzi wa taarabu, udi unaweza kupita katikati ya hizi nusu, kinanda hiki hakiwezi, kwa hiyo usikilaumu.

Mabaya yake yapo. Ugonge kwa nguvu ugonge taratibu sauti ni ile ile, besi ukiongeza volyumu spika zinakoroma, midundo iliyomo mingi ni ya ovyo na sijui nani anaitumia, na stendi inayouzwa nacho inayumba, bora uweke mezani. Kitufe cha transpozi ndio kizuri kuliko vyote, unapiga vidole vile vile vya C na kinatoka G au A flati.

La matunzo watu wa Dar tulichukulie kwa uzito, hasa wa Kigamboni, Msasani na Mbezi Beach, chumvi ya hewani inaozesha vyuma na masika unyevu unaingia kila mahali. Kifunike na kanga nzito ukimaliza, kisikae dirishani, betri ukiwa hutumii zitoe kwa sababu zikivuja zinakula springi. Ukiona kitufe kimoja hakitoi sauti usikimbilie kukitupa, chini yake kuna raba yenye vidoti vyeusi vya kaboni, vumbi likikaa pale mguso haufiki, fundi redio anafungua anapangusa kwa spiriti na mara nyingi kinarudi. Adapta ikifa na ukaenda kununua nyingine usiangalie volti peke yake, angalia na kale kamchoro ka jumlisha na kutoa karibu na tundu, kasipofanana usichomeke, utaunguza bodi.

Ukienda dukani mwambie akichomeke, uguse funguo zote 61 moja moja kutoka kushoto mpaka kulia, vyeusi pia, uchomeke na earphone usikie kama pande zote mbili zinatoa, alafu ndio muongee bei. Akikataa kukuwashia nenda duka linalofuata, Kariakoo yapo mengi.