Chombo cha maua cha Nippon: muuzaji nyota mbili, mchoraji nyota tano

Chombo hiki cha kauri ya Japani nilikiona mtandaoni, kwa muuzaji wa vitu vya kale hapa Marekani ninakoishi. Dola 85 pamoja na usafirishaji. Aliandika "hali nzuri sana", na picha zake zote nne zilikuwa za upande mmoja. Hapo ningeshtuka, lakini moyo ulishapenda. Kilipofika nikakigeuza: dhahabu ya ukingoni na ya mkono mmoja imesuguliwa hadi weupe wa kauri unachungulia. Nililalamika, akanirudishia dola 20 bila maneno mengi.

Sikukirudisha kwa sababu ya nakshi. Kuna ziwa jua likizama, mashua moja, na shingoni imezungushwa moriage, yaani udongo laini wa majimaji unaokamuliwa juu ya chombo ukabaki umevimba. Sisi wa pwani tunaujua mkono huo: ndivyo bibi harusi anavyochorwa hina. Funga macho upitishe kidole, unahesabu kitone kimoja kimoja.

Kitakoni kuna muhuri wa kijani: herufi M ndani ya shada la majani, na neno Nippon. M ni ya Morimura, kampuni ya biashara iliyoanzisha kiwanda cha kauri cha Noritake karibu na Nagoya, Japani, mwaka 1904. Na hilo neno Nippon, yaani Japani kwa Kijapani, ndilo linalotaja umri. Kuanzia 1891 forodha ya Marekani ilitaka kila bidhaa ya nje iandikwe nchi ilikotoka. Mwaka 1921 wakasema Nippon ni neno la Kijapani, iandikwe Japan kwa Kiingereza. Basi changu ni cha kabla ya hapo, ikiwa muhuri ni wa kweli, maana mihuri hiyo inaghushiwa sana.

Ndiyo maana nilichukua lenzi. Sikuona vile vidoadoa vinavyoonyesha kuwa picha imechapishwa, haikuchorwa kwa mkono. Niliona njia za brashi, na pahali pengine rangi imevuka mstari. Mti wa upande wa nyuma umepigwa haraka haraka. Nadhani mchoraji alishachoka siku hiyo.

Dhahabu hupakwa mwisho, juu ya mng'aro, yaani lile tabaka kama kioo linalofunika kauri, na kuchomwa kwa moto mdogo, kwa hiyo hutoka upesi. Mimi nakiosha kwa maji vuguvugu na kitambaa laini. Mashine ya kuoshea vyombo hakiioni.

Muuzaji yuleyule sasa anauza bakuli. Nimemwomba picha kumi, ya kitako iwe ya kwanza.