Katernberg na Easington Colliery: Kuuhifadhi Mgodi au Kuubomoa

Katernberg, kitongoji cha kaskazini mwa Essen nchini Ujerumani, kilikua kando ya mgodi wa makaa ya mawe wa Zollverein, ulioanzishwa mwaka 1847. Mgodi ulifungwa Desemba 1986, lakini majengo ya Shimo la 12, yaliyobuniwa na Fritz Schupp na Martin Kremmer, hayakubomolewa. Mwaka 2001 yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Palipokuwa pakioshwa makaa sasa ni Makumbusho ya Ruhr, na wakati wa baridi watu huteleza kwa viatu vya barafu kando ya tanuri za koki (makaa yaliyookwa kwa ajili ya kuyeyushia chuma) zilizozimwa mwaka 1993.

Easington Colliery, kaskazini mashariki mwa Uingereza, ilifuata njia nyingine. Mgodi wake, uliochimbwa hadi chini ya bahari, ulifungwa mwaka 1993 na majengo yakaondolewa muda mfupi baadaye. Kizimba kilichowashusha wachimbaji kimesimamishwa juu ya kilima, na makaburini wamezikwa wengi kati ya watu 83 waliouawa na mlipuko wa Mei 1951. Ufuo uliokuwa mweusi kwa taka za mgodi umesafishwa, na kwa hilo, naona, Easington haina cha kuionea wivu Essen.

Hata hivyo, kwa upande wa riziki, ningechagua njia ya Katernberg, ingawa makumbusho hayawezi kuajiri watu wengi kama mgodi ulivyoajiri. Jengo lililobaki hupata kazi mpya, lililobomolewa haliwezi.