Usifunike kwa weusi! LibreOffice yafuta siri kweli

Assalam alaykum, hamjambo nyote, karibuni tena kwenye chaneli. Leo tuko na LibreOffice. Kwamba yaandika barua, yapiga hesabu na yatengeneza slaidi, hayo mwayajua, siyarudii. Iko tangu 2010 na ni bure. Mimi leo nina jambo moja tu limenijaa moyoni, nalo liko ndani ya menyu ya Tools, kule chini ambako watu hawafiki. Laitwa Redact, yaani kuficha siri zilizomo ndani ya hati. Ngojeni nifungue skrini.

Tazameni barua hii. Nimeitunga mwenyewe: jina si la mtu, nambari ya kitambulisho ya kubuni, pini ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, nayo ya kubuni. Lakini ni barua ya sampuli ile ile inayotoka kila siku kwenye ofisi za kutoa mizigo bandarini Kilindini, Mombasa. Mna jina la mwenye kontena, simu yake, akaunti ya benki. Sasa mteja mwingine ataka kuona mfano wa kazi mliyoifanya. Wengi wenu, nawajua, mwachora kisanduku cheusi ndani ya Word, mwakiweka juu ya nambari, mwahifadhi PDF, mwatuma. Kwa macho pamefunikwa.

Haya, sasa fanya mimi ndiye niliyeipokea. Napitisha kipanya juu ya ule weusi, Ctrl na C. Nafungua Notepad, Ctrl na V. Mwaona? Nambari yote ya kitambulisho hii hapa, na akaunti chini yake. Sikudukua chochote. Nimekopi na kupesti, jambo ambalo mtoto wa darasa la nne alijua.

Na msidhani haya huwapata wanagenzi tu. Januari 2019 kule Marekani, mawakili wa Paul Manafort, aliyekuwa mkuu wa kampeni ya Trump, walipeleka hati mahakamani na sehemu zimepakwa weusi. Waandishi wa habari wakakopi, wakapesti, na siku hiyo hiyo yaliyofichwa yakawa magazetini. Mawakili hao! Kwa sababu weusi ule umekaa juu ya maandishi, na maandishi yenyewe bado yamo ndani ya faili.

Sasa tazameni LibreOffice. Barua ile ile. Tools, halafu Redact. Yafungua nakala mpya, kila ukurasa umegeuzwa picha, na ile barua ya asili haikuguswa. Hapa kuna kijisanduku, nachora juu ya nambari. Angalieni rangi: kijivu, na chini yake bado pasomeka. Hili nalipenda sana, kwa sababu wajua unafunika nini kabla ya kufunga kazi. Umekosea? Sogeza, futa, chora tena. Waweza hata kuihifadhi hivi umpe mkubwa wako wa ofisi aipitie kwanza. Lakini hii ya kijivu isitoke nje ya ofisi, tafadhalini sana, hii ni rasimu tu.

Nimeridhika. Nabofya huku, nachagua nyeusi, yatoka PDF. Naifungua. Kipanya, nakokota... hakishiki kitu. Hata maneno ya kawaida hayashikiki, maana ukurasa mzima sasa ni picha, na pale palipo peusi hapana chochote chini yake. Nambari haimo tena kwenye faili. Hii ndiyo maana ya kuficha!

Na kuna ndugu yake, Auto-Redact. Huyu wamwandikia neno au nambari, aitafuta hati nzima na kufunika kila anapoikuta. Mkataba wa kurasa 40 wenye jina la mtu kila mahali, hapo atakufaa sana. Ila kama kitambulisho kimeskaniwa na kubandikwa kama picha, hatakiona. Hapo tumia mkono wako.

Kasoro? Ziko. Kwa vile ni picha, faili hunenepa, na mpokeaji hawezi kutafuta neno ndani yake. Na sura ya programu, jamani, vitufe vimerundikana kama makuti. Nawaambia wanaoitengeneza, kitufe cha thamani hivi kitoeni huko chini mkiweke juu watu wakione.

Washindani. Adobe Acrobat Pro afanya kazi hii vizuri, lakini ni ya kulipia kila mwezi, na ofisi ndogo ya watu watatu pale Digo Road haitalipa. WPS, programu nyingine ya ofisi, ile ya bure ina matangazo. Zile tovuti za “pakia PDF yako tuifiche bure”, mimi sizigusi: wataka kuficha kitambulisho cha mtu, halafu wakipeleka kwanza kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua? Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Data za mteja ukishazipokea, ulinzi wake u juu yako.

Na wale wa Excel, msijifiche. Safu uliyoificha bado imo. Agosti 2023 polisi wa Ireland Kaskazini walijibu ombi la habari kwa faili la Excel, ndani yake kulikuwa na ukurasa uliofichwa wenye majina ya wafanyakazi zaidi ya 9,000. Polisi! Tengeneza nakala, ufute kabisa safu zisizomhusu anayepokea, ndipo utume. Picha uliyoikata ndani ya Word ni vivyo hivyo, kile kipande ulichokikata huweza kubaki ndani. Na bei uliyomshushia mteja wa kwanza, kama uliwasha Track Changes, ile inayoweka kumbukumbu ya kila ulichobadilisha, mteja wa pili aweza kuisoma.

Kabla sijasahau, Jumamosi baada ya isha tutakuwa laivu, mlete maswali yenu ya ofisi. Maikrofoni mpya imefika, mwaisikia leo.

Bei sasa. Sifuri. Ingia libreoffice.org wewe mwenyewe, andika anwani kwa mkono, usibofye tangazo la kwanza unaloliona. Ni zaidi ya MB 300, kwa hivyo tafuta waifai. Kwenye duka la Apple utaikuta inauzwa, ile pesa huchangia mradi, lakini si lazima.

Kuna wanaoniuliza, “Kaka, mimi nina Office ya kukraki, yafanya kazi, nihame kwa nini?” Vile vifaa vya kukraki ndivyo wezi wa nywila wanavyovipenda kujificha ndani yake, na kompyuta hiyo hiyo waingilia benki na iTax, tovuti ya kodi. Tena Office 2016 na 2019 ziliacha kupata masahihisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, hata zile halali. Hapo mwanzo nilikusudia kusema weka LibreOffice kando, uitumie kwa Redact tu. Nikiwaza vizuri, kwa barua na mikataba hama moja kwa moja. Kwa mahesabu yenye makro nzito, zile amri zinazojiendesha zenyewe ndani ya faili, nasita, kuna makro za Excel hazikubali huku. Na hati ya Word ikifunguka imepinda, mara nyingi ni fonti: Calibri haimo, inawekewa Carlito. Mpelekee mtu PDF, yaishe.

Wa simu: Redact hii ni ya kompyuta. Ukiwa huna, nenda saiba, duka la kompyuta za kukodi, lakini ukimaliza futa faili kwenye Downloads, halafu futa na kwenye pipa la taka la kompyuta, ndipo uinuke kitini.